Maswali yenu ya jua na losheni

*Mwanangu ana ualbino, yuko darasa la tatu. Mwalimu anamvua kofia paredi eti sio sare. Nifanyeje?*

Mama, kesho asubuhi nenda ukamuone mkuu wa shule mwenyewe, sio mwalimu wa zamu. Ngozi ya huyo mtoto haina melanini, ile rangi ya ngozi, ya kumkinga, na jua letu la karibu na ikweta mchana kipimo cha UV, miale ya jua inayounguza ngozi, kinapita 11 mara nyingi tu, wakati Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema kuanzia 3 ujikinge. Sare gani inayozidi hilo? Na kofia iwe pana pande zote, hizi kepu zinaacha masikio na shingo, nenda kliniki yoyote ya ngozi uone vidonda vinaanzia wapi: juu ya sikio, kisogoni, mdomo wa chini. Mshonee shati la mikono mirefu, akae kivulini saa nne mpaka saa kumi. Losheni inakuja baada ya hayo yote. Pale hospitali ya KCMC Moshi wanatengeneza ya kwao kwa ajili ya wenye ualbino, inaitwa Kilisun, inagawiwa bure kliniki, ulizia hospitali ya mkoa wako zinafika lini. Halafu akalishwe dawati la mbele, kuona kwake kwa mbali ni shida, najua hukuuliza.

*Losheni ya SPF 100 (namba ya kinga ya jua) si inakinga mara mbili ya 50?*

Hapana. 30 inazuia kama asilimia 97 ya UVB, miale inayounguza ngozi, 50 kama 98. Hela iliyobaki nunua kofia.

*Mafuta ya nazi je?*

Kila wiki jamani! Hayakingi jua. Pikia wali.

*Mimi mweusi tii, kansa ya ngozi inanihusu nini?*

Jua halikutishi kama mwenye ualbino, ni kweli, ila melanoma, kansa ya ngozi iliyo mbaya, yetu weusi inapenda kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, na hapo jua halihusiki sana. Bob Marley ilimuanzia kidole cha mguu, akafa 1981 ana miaka 36. Ukioga angalia na nyayo, doa jeusi linalokua usisingizie kiatu.

*Nachanganya krimu ya kung'arisha na losheni ya jua, ni salama?*

Dada, huo ni mkorogo, hata ukiuwekea losheni. Unalipia kuondoa kinga uliyozaliwa nayo bure halafu unalipia tena kuirudisha kwenye chupa! Zenye zebaki zinaharibu figo, na zenye haidrokwinoni ukizidi kupaka unapata weusi mbaya kuliko ule uliokuwa unaukimbia. Sijibu tena swali la mkorogo mwaka huu.

*Kidonda kwenye sikio kina miezi miwili, kinakauka kinarudi. Nipake nini?*

Usipake kitu. Nenda hospitali wakate kinyama wapime, wiki hii hii, na wakikupa tarehe ya majibu rudi kuyachukua hata kama kidonda kimekauka.