Kabla Hamjamlaza Kiongozi Kwenye Kochi

Msimu wa maandiko ya utafiti umefika. Bumu (fedha za mkopo wa wanafunzi) likiingia tu, sura za kwanza zitaanza kumiminika kwa wasimamizi, na nusu yake zitasema hivi: kiongozi fulani alifiwa na baba akiwa mdogo, kwa hiyo alibaki na pengo, kwa hiyo akatamani madaraka, kwa hiyo akagoma kung'atuka. Rejea: Freud. Kurasa 60 baadaye ushahidi bado ni ule mnyororo wa "kwa hiyo". Haya ni kwa ajili yenu mliochagua saikoanalisisi, nadharia ya Sigmund Freud kwamba misukumo iliyojificha tangu utotoni ndiyo humwendesha mtu, ile ya kumlaza mgonjwa kwenye kochi aongee, ili kueleza kinachowasukuma viongozi. Idi, ego, supaego (sehemu tatu za nafsi kwa Freud) na mbinu za kujikinga mmeshasomeshwa, sivirudii.

1. Anzeni na tabia inayojirudia, utoto uje baadaye.

Wengi mnamnukuu Harold Lasswell, mwanasayansi wa siasa wa Marekani, kitabu chake cha 1930, kwa sababu kanuni yake inaingia kwenye mstari mmoja: mwanasiasa ana misukumo ya binafsi, anaihamishia kwenye jambo la umma, kisha anaihalalisha kwa jina la maslahi ya umma. Sawa. Lakini hapo pana hatua tatu, na kila hatua inadai ushahidi wake. Ya kwanza mnaipata kwenye wasifu, ya tatu kwenye hotuba. Ya katikati, ile ya kuhamishia, mnairuka kimyakimya mkidhani mtahini wa nje hataiona. Ataiona, ndiyo kazi anayolipwa. Halafu kumbukeni kwamba Lasswell alipekua kumbukumbu za watu waliotibiwa hospitalini na kuzungumza na watu ana kwa ana. Nyinyi mna magazeti na YouTube.

2. Freud wa 1921 alikuwa anaeleza zaidi wafuasi.

Kitabu chake kuhusu saikolojia ya umati kinauliza kwa nini watu hushikamana, na mifano yake mikubwa ni kanisa na jeshi: kila mmoja anamweka kiongozi mahali pa taswira ya ubora wa nafsi yake, kisha wote wanajiona ndugu. Kuhusu kiongozi mwenyewe anasema machache, kwamba anaweza kuwa mtu asiyehitaji kumpenda yeyote. Ukitaka kueleza kwa nini mkutano wa hadhara ulilia machozi, mtumie. Ukitaka kueleza kwa nini aliyekuwa jukwaani alikataa mapatano, hapo utahitaji chombo kingine.

3. Maelezo pinzani yaandikwe kwanza. Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo tasnifu zinapofia.

Chukueni kesi ya Woodrow Wilson, Rais wa Marekani 1913 hadi 1921. Ndiyo kesi iliyochimbwa kuliko karibu zote katika fani hii, na waliokosea ni mabingwa, si wanafunzi wa mwaka wa pili. Fumbo ni hili. Wilson alirudi kutoka Paris mwaka 1919 na Mkataba wa Versailles wa kumaliza Vita Kuu ya Kwanza, uliobeba Ligi ya Mataifa (iliyotangulia Umoja wa Mataifa), ndoto yake kuu. Seneti, ikiongozwa na Henry Cabot Lodge, ilitaka kuweka masharti 14. Angeyakubali, hata yakiwa yamelegezwa, mkataba ungekuwa na nafasi kubwa ya kupita. Akawaagiza maseneta wa chama chake waupinge ukiwa na masharti hayo. Tarehe 19 Machi 1920 kura zikawa 49 kwa 35, pungufu kwa kura saba tu kufikia theluthi mbili. Mtu kauangusha mtoto wake mwenyewe. Kwa nini?

Mwaka 1956 Alexander na Juliette George, watafiti mtu na mkewe, walijibu kwa kufuata njia ya Lasswell. Baba yake Wilson, mchungaji wa Kipresbiteri, alikuwa mkali wa lugha na mwepesi wa kejeli. Mtoto akakua akijiona duni na akiwa na hasira asiyothubutu kuitoa. Uongozi ukawa dawa. Wilson anayetafuta cheo, walisema, alikuwa mnyumbufu na msikivu. Akishakipata, kwenye eneo analoliona ni lake, kupingwa kukawa sawa na kudhalilishwa tena na baba. Wakaonyesha sura ileile mara mbili: alipokuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Princeton akipambana na Andrew West juu ya chuo cha uzamili, na alipopambana na Lodge. Angalieni ubora wa hoja hiyo. Wanasema lini atakuwa laini na lini atakuwa mgumu. Wangeweza kukosolewa kwa tarehe, na hiyo ni sifa.

Wakakosolewa kweli, na kwa tarehe hasa. Edwin Weinstein, daktari wa neva, alichapisha makala pamoja na wenzake mwaka 1978, kisha kitabu chake mwenyewe mwaka 1981. Mkono wa kulia wa Wilson uliishiwa nguvu mwaka 1896 akajifundisha kuandika kwa kushoto. Mei 1906 aliamka jicho la kushoto halioni. Oktoba 1919 akapata kiharusi kikubwa. Weinstein alisoma matukio yote hayo kama msururu wa viharusi: ugumu wa Princeton umekuja baada ya 1906, ugumu wa Seneti umefikia kilele baada ya Oktoba 1919. Kwa nini tumtafute baba wakati mshipa wa ubongo upo?

Mkidhani hapo mjadala umefungwa, subirini. Akina George wakajibu, na Michael Marmor, daktari wa macho, akaonyesha kwamba jicho linaweza kuvuja damu, na mkono unaweza kuchoka kwa kuandika, bila kiharusi chochote cha ubongo. Kiharusi cha 1919 hakina ubishi. Vile vya awali vina ubishi hadi leo.

Na pana mlango wa tatu ambao mnausahau kabisa kwa kuwa hauna utamu wa kochi. Wilson alikuwa profesa wa siasa. Mwaka 1908, kabla hajagombea cheo chochote cha umma, aliandika kwamba rais, kwa kuwa ndiye anayeanzisha mambo ya nje, anaweza kulifikisha taifa mahali ambapo Seneti haina budi kukubali. Aliyeamini hivyo akiwa darasani anaweza kugoma mwaka 1919 kwa imani tu, bila jeraha lolote la utotoni.

Hata ushahidi uleule mdogo unagawanyika. Wilson alichelewa kujua herufi hadi karibu miaka tisa. Akina George: mgomo wa siri dhidi ya baba mwalimu. Weinstein: disleksia, yaani tatizo la ubongo kusoma maandishi. Mtu wa historia: amezaliwa Desemba 1856, amekulia Kusini wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, shule zikiwa zimevurugika. Jambo moja, maelezo matatu, na kila mwandishi aliliona lake tu kwa sababu ndilo alilokuja kulitafuta.

Kwa hiyo fungueni daftari, mpige mistari ya safu sita: tarehe, alichofanya kiongozi, nani kashuhudia na aliandika lini, hali ya kisiasa siku hiyo, afya yake, na mwisho kabisa, maelezo ya kisaikolojia. Safu ya sita ijazwe kwa penseli, baada ya tano za kwanza kujaa wino. Kisha tafuteni matukio mawili ya aina nyingine: pale ambapo nadharia yenu inadai angekuwa mgumu lakini akalegeza, na pale ambapo alikuwa mgumu kabla ya ugonjwa. Kwa Wilson hilo la pili maana yake ni kurudi nyuma ya Mei 1906. Mkikosa mfano hata mmoja, semeni hivyo kwenye tasnifu. Tasnifu haifeli kwa kusema hivyo.

4. Msiandike jina la ugonjwa.

"Unarsisi" (kujipenda kupindukia), "paranoia" (kushuku kila mtu), futa. Mwaka 1964 jarida la Marekani liitwalo Fact liliwatumia dodoso madaktari wa akili 12,356 kuhusu mgombea urais Barry Goldwater. Walijibu 2,417, na 1,189 kati yao wakasema hafai kisaikolojia, bila kumfanyia uchunguzi. Goldwater alishtaki, akashinda: fidia ya dola 1, na adhabu ya dola 75,000. Mwaka 1973 chama cha madaktari hao kikaweka kanuni ya maadili inayokataza kutoa utambuzi wa mtu ambaye hujamchunguza na hajaridhia. Nyinyi si wanachama, lakini kamati ya maadili ya chuo itawauliza swali hilohilo. Elezeni tabia, mwache jina.

5. Nadharia tete, yaani dhana mnayoipima, lazima iweze kukosea.

Mwanafalsafa Karl Popper alimsumbua mwanasaikolojia Alfred Adler kwa mfano mmoja: mtu anayemsukuma mtoto majini ili azame, na mwingine anayejitosa kumwokoa. Adler anawaeleza wote wawili kwa hisia ya uduni. Mmoja anathibitisha kwamba anaweza kuua, mwingine kwamba anaweza kuokoa. Sasa mletee mwanafunzi Mwalimu Nyerere: mtoto wa mke wa tano wa Mtemi Burito, akajiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru, akamwachia Rashidi Kawawa. Mwanafunzi anaandika: "hofu ya mafanikio." Angebaki madarakani angeandika: "kiu ya kufidia." Mwalimu mwenyewe alisema anakwenda kukijenga chama, na sababu hiyo ina uzito wake kabla hujaigusa mitala ya baba yake. Kabla ya kuandika chochote, jaza sentensi hii: "Nitaiacha nadharia hii endapo nitakuta kwamba..." Ikikushinda kujaza, badilisha mada mapema, kabla hujalipia uchapaji.

6. Kuhesabu si dhambi.

Mwanasaikolojia David Winter na wenzake huhesabu taswira za msukumo wa madaraka, mafanikio na urafiki ndani ya hotuba, kwa kila maneno 1,000. Wawekeni wasimbaji wawili (watu wa kuzitambua na kuziainisha taswira hizo) wasiojua nadharia tete yenu, wafanye mazoezi kwanza kwenye maandiko yaliyokwisha kusimbwa na mabingwa hadi wafikie ulinganifu wa 0.85 (1 ni kukubaliana kabisa), ndipo waguse hotuba zenu. Chagueni hotuba za aina moja. Salamu za msibani na hotuba ya bajeti havilinganishwi. Na msisahau kwamba mara nyingi hotuba kaiandika mtu mwingine.

7. Jichunguzeni wenyewe.

Freud aliandika kitabu juu ya Wilson akishirikiana na William Bullitt, kikatoka mwishoni mwa 1966, baada ya Freud na mjane wa Wilson kufariki. Freud alikiri kwenye utangulizi kwamba tangu mwanzo hakumpenda mtu huyo. Bullitt, mwanadiplomasia, alikuwa kwenye ujumbe wa Marekani huko Paris, akajiuzulu Mei 1919 kwa hasira, kisha akatoa ushahidi Seneti dhidi ya mkataba. Kitabu kinasomeka hivyo hasa: kila jema la Wilson limepewa sababu chafu.

Linganisheni na mwanasaikoanalisisi Erik Erikson juu ya Gandhi, kitabu cha 1969. Badala ya kuhangaika na maisha yote alikamata tukio moja, mgomo wa viwanda vya nguo Ahmedabad mwaka 1918: wafanyakazi wanadai nyongeza ya asilimia 35, mwenye kiwanda Ambalal Sarabhai upande mmoja, dada yake Anasuya upande wa wafanyakazi, na Gandhi anafunga kula siku tatu. Katikati ya kitabu Erikson anasimama na kumwandikia marehemu barua, akimwambia wazi yanayomkera, hasa ukali wake kwa watu wa nyumbani. Andikeni barua kama hiyo kabla ya sura ya nne. Isiingie kwenye tasnifu. Mwonyesheni msimamizi, naye achore mstari chini ya kila sentensi mliyokwisha kuihamishia kwenye uchambuzi bila kujua.