Kipochi kinaning'inia kwenye begi? Kisuke kwanza, fundi baadaye

Mkuu, kabla hujampelekea fundi hilo begi avishone vipochi moja kwa moja, subiri kidogo. Umesema begi ni la mtumba, lina mistari ya mikanda mgongoni, ukapachika kipochi cha chupa ya maji na kingine cha tochi. Cha maji kinachezacheza, cha tochi kimedondoka ukiwa kwenye pikipiki njia ya Kondoa. Kwa maelezo hayo vipochi vyako vizima kabisa, ila havijasukwa. Vimetundikwa tu.

Kazi yangu ni kuzunguka na wapima viwanja: Chamwino, Bahi, wakati mwingine hadi Mpwapwa. GPS ya mkononi, futi, rangi ya kuwekea alama, maji, vyote vinakaa nje ya begi kwenye vipochi, na begi lenyewe muda mwingi liko mgongoni juu ya bodaboda kwenye barabara ya vumbi. Kwa hiyo naongea kama mtumiaji, siuzi mabegi.

Mfumo huo wa kusuka vipochi kwenye mistari ya mikanda ya begi unaitwa MOLLE, wenyewe wanatamka "moli". Ulitoka jeshi la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, ukachukua nafasi ya ule wa ALICE wa miaka ya 1970 uliokuwa unashika vifaa kwa klipu za chuma. Vipimo vyake ni muhimu kuliko historia: kila mstari wa mkanda una upana wa inchi 1 (milimita 25), nafasi kati ya mstari na mstari nayo ni inchi 1, na mstari umeshonewa kwenye begi kila baada ya inchi 1 na nusu. Zikae kichwani hizo namba, nitazirudia.

Sasa geuza kipochi uangalie mgongo wake. Utaona mikia miwili mirefu ya mkanda inayoanzia juu (vidogo vingine vina mmoja), na nyuma ya mikia hiyo kuna mistari kama ile ya begi. Wengi wanaupitisha mkia chini ya mistari yote ya begi kwa mkupuo mmoja, wanabonyeza kifungo huku chini, wanasema tayari. Kipochi hapo kimeshikwa juu na chini tu, katikati hakuna kitu. Ukiweka maji ya lita moja ndani, hiyo ni kilo nzima inayoruka kila mkikutana na tuta, na mzigo wote unaishia kwenye kile kifungo. Kitaachia tu.

Inavyotakiwa ni zamu kwa zamu. Mkia unapita chini ya mstari wa kwanza wa begi, unatoka, unapita chini ya mstari wa kipochi chenyewe, unarudi chini ya mstari wa pili wa begi, tena wa kipochi, hivyo hivyo mpaka mwisho, kama ukili unavyopishana kwenye mkeka. Ndipo unabonyeza kifungo. Mikia yote miwili ishuke pamoja, hatua moja huku, hatua moja kule, maana ukimaliza upande mmoja kwanza na kuukaza, wa pili utakusumbua mpaka uchukie begi. Na fanya kazi hiyo begi likiwa tupu. Likijaa, kitambaa kinavutika na mistari inabana, hata kidole hakipiti. Mkia ukigoma, sukuma kwa mpini wa kijiko. Bisibisi iache, inachana nyuzi.

Kupima ni rahisi: weka vitu ndani ya begi, kisha linyanyue kwa kushika kipochi, si mpini wa begi. Kipochi kibaki kimelala kwenye kitambaa. Ukiona kinafunguka kwa juu au ubavuni, kuna mstari umeuruka. Fumua, anza upya.

Ukisuka vizuri na bado kinacheza, hapo ndipo nitakubali begi lina shida, na kwa mabegi ya bei rahisi hiyo ipo sana. Chukua futi. Kama nafasi kati ya mistari ni inchi 1 na nusu au zaidi, mistari ya begi na ya kipochi haitapishana sawasawa hata ufanyeje. Angalia pia mishono: kwenye begi la maana kila mahali mkanda unapogusa begi pamerudiwa nyuzi nyingi zilizobanana. Ukikuta mstari mmoja tu wa cherehani, mpelekee fundi wa mabegi kazi hiyo, arudishie pale pale kwa uzi wa nailoni. Huo ndio ushonaji ninaoukubali. Kushona kipochi chenyewe kwenye begi ni kujifunga: hukitoi kukiosha, hukihamishi, na kila tundu la sindano ni njia ya maji. Najua Dodoma mvua yetu ni ya msimu mmoja, lakini ikiamua kunyesha inanyesha.

Kuna walioshauri mpira wa tyubu au vile vibanio vya plastiki vya kufungia nyaya. Mpira unavutika, kwa hiyo kipochi kitaendelea kuruka, sana sana umekipa springi. Vibanio vya plastiki vinafaa kwa dharura tu, na uchague vyeusi, maana vyeupe vikikaa kwenye jua letu vinakauka na kukatika bila taarifa. Kama mkia wa kipochi umechanika, zipo klipu ndefu za plastiki ngumu zinazosukwa vilevile badala ya mkia. Hizo ziko sawa.

Mahali pa kukiweka nako kuna maana. Kizito kikae ubavuni karibu na mgongo wako, si nyuma kabisa, kwani huko kinakuvuta na dereva wa boda naye anakihisi kila mkikata kona. Ncha za mikanda zinazobaki zikunje uzifiche. Ukipita kwenye migunga zikiwa zinaning'inia, mwiba unakushika unarudi nyuma. Simu na pesa usiweke kwenye kipochi cha nje ukiwa stendi, hilo sidhani kama linahitaji maelezo.

Jambo la pembeni: hujasema rangi. Kama ni ya mabaka ya kijeshi, mimi nisingelivaa. Mwaka 2023 JWTZ walitoa siku saba raia wenye sare za jeshi au mavazi yanayofanana nazo wayasalimishe, na sioni haja ya kubishana na mtu njiani kwamba langu ni begi tu. Nyeusi au kijivu zinafanya kazi ileile, ingawa nyeusi inaonyesha vumbi la Bahi vibaya sana.

Fumua vyote viwili leo, suka upya, fanya lile jaribio la kunyanyua. Kama bado kinafunguka, weka hapa picha ya mgongo wa kipochi na ya mistari ya begi ikiwa na futi pembeni, tuone kama ni vipimo au ni mshono.