Starlet yangu injini imekufa, niweke mota ya umeme?

SWALI: Anko fundi, bodi bado safi, naishi Nkuhungu kazini Mtumba, hela ya mawazo. Inawezekana? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Inawezekana mdogo wangu, ila anza na betri, hela yote inaishia hapo. Gari dogo linakula kama kWh 15 (yaani yuniti 15 za umeme) kwa kilomita 100, so tafuta betri ya Nissan Leaf, lile gari la umeme, la zamani lililopata ajali, betri yake ikiwa mpya ilikuwa kWh 24, hata ikibaki nusu Mtumba unaenda na kurudi. Betri za asidi, hizi za kawaida za gari, bei chee kweli lakini nzito balaa, na ukizoea kuzimaliza zinakufa mapema. Giaboksi iache, mota inafungwa hapohapo. Breki sasa, injini ndiyo inavuta hewa (vakyumu) inayosaidia mguu wako, ikitoka ule wepesi wa pedeli unaondoka, weka pampu ya vakyumu ya umeme. Na Leaf ina volti zaidi ya 300, usimpe fundi wa indiketa!