Radi moja, ng'ombe wanne

SWALI: Habari za kazi mhariri. Juzi radi imepiga mti kwenye malisho yetu, ng'ombe wanne wamekufa palepale, mchungaji aliyekuwa hatua chache tu kutoka hapo akaanguka, akazimia kidogo halafu akaamka. Sasa nauliza, radi ilipiga mti na hakuna ng'ombe aliyeugusa, imewafikiaje wote? Na kuna watu walitukataza kumshika kijana eti ana umeme mwilini, ni kweli?

JIBU: Pole sana ndugu kwa hasara. Naanza na la mwisho maana hilo ndo linaua watu bure: si kweli hata kidogo. Umeme wa radi unapita na kuondoka kufumba na kufumbua, haubaki kwa mtu, kwa hiyo mshike. Kama hapumui mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mwingine apige simu kuita msaada, na kama mnajua kumpulizia pumzi mdomoni mpulizieni, maana moyo unaweza kurudi wenyewe pumzi ikagoma. Na huyo kijana hata kama anatembea na anacheka mpelekeni hospitali, moyo ukapimwe, masikio nayo, ngoma ya sikio hupasuka kirahisi sana kwa radi.

Haya, ng'ombe. Radi ikipiga mti haiishii kwenye mti, inashuka mpaka chini na kutawanyika ardhini pande zote, karibu na shina ni kali, ukisogea mbali inapungua. Ng'ombe akiwa ameelekeza kichwa kwenye mti, miguu ya mbele iko kwenye ukali na ya nyuma iko kama mita moja na nusu huko nyuma, volti hazilingani, basi umeme unapanda mguu wa mbele unatokea wa nyuma, na moyo uko hapohapo njiani. Mtu miguu yake imekaribiana, na mwingi unapanda mguu huu unashuka ule, moyo uko juu huko. Ndo maana kijana kaamka. Norwe, Agosti 2016, kwenye uwanda wa Hardangervidda, walikufa swala wa baridi, wale wanaoitwa reindeer, 323 kwa mpigo, walikuwa wamejikusanya pamoja wakati wa dhoruba.

Kwa hiyo mti uliosimama peke yake malishoni uzungushieni uzio mifugo isijikusanye chini yake, ila uzio wa waya nao unasafirisha umeme mbali, msiusogelee mvua ikianza. Nyie wenyewe ingieni kwenye nyumba ya maana au gari lenye bodi ya chuma, vioo juu (linalokinga ni hilo chuma, siyo matairi, watu wanapenda sana hadithi ya matairi). Msilale chini, ukilala unakuwa kama ng'ombe. Ukiona mwanga hesabu, sekunde 3 ni kilomita moja, zikiwa chini ya 30 kabla ya ngurumo uko hatarini tayari, na usitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

SWALI: Simu ya mkononi inavuta radi?

JIBU: Haivuti. Ila ikiwa imechomekwa kwenye chaja ukutani, usiishike.