Saa ya Windows inarudi nyuma nikitoka Ubuntu

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu, naishi Wete, Pemba. Nimeweka Ubuntu kando ya Windows katika laptopu moja. Kila nikizima Ubuntu na kuwasha Windows, saa huwa nyuma kwa saa tatu. Juzi programu yangu ya adhana iliadhini Adhuhuri ilhali msikitini wanakaribia Alasiri. Je, ninunue betri mpya ya saa?

Jibu: Waalaykum salaam, mwalimu. Betri usiiguse. Ile betri ndogo ya duara iliyomo ndani ikichoka, saa hupotea ovyo, pengine pamoja na tarehe na mwaka. Yako inakosea saa tatu barabara, na saa tatu ndizo tunazoitangulia saa ya dunia, UTC.

Ndani ya laptopu mna saa moja inayotembea hata mashine ikizimwa. Mifumo yote miwili huisoma hiyo hiyo, ila kila mmoja kwa desturi yake: Ubuntu huandika humo saa ya UTC na kujumlisha tatu wakati wa kukuonesha, ilhali Windows, kwa mazoea yaliyorithiwa tangu enzi za MS-DOS, mfumo wa zamani wa Microsoft, huchukulia kuwa kilichoandikwa humo ni saa ya hapo ulipo. Ukizima Ubuntu saa nne asubuhi, yaani 10:00, saa ya ndani inasoma 07:00, na Windows ikiwaka inakuambia ni saa moja. Intaneti ikiwapo huenda ikajirekebisha baada ya muda. Bando likiisha, inabaki hivyo hivyo.

Mimi ningerekebisha upande wa Ubuntu, kwa kuwa ni mstari mmoja tu. Hakikisha kwanza saa ya Ubuntu ni sahihi, maana ndiyo itakayonakiliwa, kisha fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

sudo timedatectl set-local-rtc 1

Ukiandika timedatectl peke yake baadaye, utaona onyo kuwa mpangilio huu haupendekezwi. Onyo hilo lina maana zaidi katika nchi zinazosogeza saa kila majira ya joto, ambako mifumo miwili inaweza kuisogeza saa ile ile mara mbili, sisi hatusogezi. Ukitaka kurudi ulikotoka, andika 0 badala ya 1.

Ndani ya Windows, hakikisha pia ukanda wa saa uliochaguliwa ni wa Nairobi, UTC+03:00. Usihangaike kuutafuta mji wetu katika orodha ile. Saa yetu na ya Nairobi ni moja.