Picha ya Zamani Haikwambii Rangi: Nilivyojifunza Kutafiti Sare za Besiboli

Kisutu alichonipa mama siku ya harusi yangu kina rangi tatu tu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, kama visutu vingine. Miaka michache iliyopita nilikitandaza mezani hapa Ohio ninakoishi, nikakipiga picha kwa simu, nikaifungua picha hiyo kwenye programu ya kuhariri na kubakiza mwanga wa bluu peke yake. Nyekundu yote ikageuka nyeusi. Maua yakamezwa, pindo likaungana na mji, kisutu changu kikawa kitambaa cheusi chenye madoa meupe. Hapo ndipo nilipoelewa nilikuwa nimekosea wapi.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi nilifundishwa na baba mdogo kibarazani kwake Tanga, na huku Marekani sehemu kubwa ya riziki yangu inatokana na watu wanaocheza besiboli kwa kanuni za karne ya 19. Klabu zao ni nyingi Ohio. Wanadaka mpira kwa mikono mitupu, na wanataka mavazi yawe yale yale ya wakati ule: flaneli ya sufu, kola pana, mikono mirefu. Klabu moja iliniletea nakala ya picha ya timu ya mji wao ya miaka ya 1870. Wanaume tisa, mashati yanaonekana meupe, na kifuani kila mmoja ana ngao. Ngao ni kile kipande kinachofungwa kwa vifungo pembeni, katikati kimeshonewa herufi ya mji. Zote zinaonekana nyeusi. Nikanunua flaneli nyeupe na nyeusi, nikakata, nikashona. Siku ya kujaribisha, mmoja wao alikuja na ukurasa wa gazeti la mji jirani wa miaka hiyo hiyo: mashati ya bluu ya mpauko, ngao nyekundu. Ngao ningeweza kuzifumua, lakini mashati tisa hayafumuliki. Nilianza upya kwa kitambaa nilichokilipia mwenyewe.

Macho yangu hayakuwa na kosa. Wapiga picha wa wakati ule walitumia vioo vilivyopakwa kolodioni, njia iliyotangazwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851, na dawa ile inahisi bluu na zambarau. Nyekundu kwake ni giza, njano na kijani inaziona kwa shida. Kwa hiyo bluu ya mpauko hutoka karibu nyeupe na nyekundu hutoka nyeusi. Vioo vikavu vilivyofuata vilianza na udhaifu huo huo. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Vogel aligundua kwamba ukitia rangi fulani kwenye dawa, kioo kinaanza kuhisi kijani na njano, lakini vioo vya kuhisi hadi nyekundu vilikuja kuuzwa madukani mwaka 1906. Ukishika picha ya besiboli ya kabla ya hapo, usiandike neno “nyeusi” wala “nyeupe” kwenye daftari lako. Mimi siku hizi naandika “imekolea” au “imepauka” tu, basi. Na kama huniamini, fanya jaribio la kisutu. Kitambaa chochote chenye nyekundu na nyeusi kitatosha, weka na kipande cha bluu ya anga pembeni.

Rangi iko kwenye magazeti. Hata sare ya kwanza kabisa tunayoijua, ya klabu ya Knickerbocker ya New York mwaka 1849, tunaijua kwa sababu watu waliiandika: suruali za sufu za bluu, mashati meupe ya flaneli, kofia za ukili. Lakini gazeti nalo lina namna yake ya kusomwa, na somo lililonifaa kuliko yote ni hili: usianze na gazeti la nyumbani kwa timu, anza na la wenyeji wao. Mwandishi wa nyumbani anajua wasomaji wake wameshaiona sare mara ishirini, hana haja ya kuieleza. Timu ikifika mji wa watu ndipo mtu anapotoa kalamu.

Chukua Cincinnati Red Stockings wa mwaka 1869, timu ya kwanza iliyolipa wachezaji wake wote hadharani. Meneja wao Harry Wright, mdogo wake George uwanjani, na msimu ule hawakufungwa hata mechi moja. Mavazi yao yalishonwa na mwanamke, Bertha Bertram, fundi wa hapo hapo Cincinnati, na mimi kila nikilitaja jina hilo husimama kidogo. Alikata suruali zikaishia chini ya goti, wakati timu nyingine bado zilivaa ndefu, na soksi nyekundu zikaonekana zote. Reli ya kuvuka bara ilikamilika Mei mwaka huo, na Septemba vijana wale wakawa San Francisco. Gazeti la Daily Alta California likaandika kwamba ni rahisi kuelewa kwa nini wameuchagua mtindo ule, maana unaonyesha vigimbi vyao kwa ukubwa na unene wake wote. Sentensi moja ya mgeni imekupa urefu wa suruali, namna soksi zilivyokaa, na jinsi watu walivyolipokea vazi lenyewe. Kwenye picha soksi hizo hizo ni nyeusi tii.

Kutafuta kuna ufundi wake. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mtandaoni mamilioni ya kurasa za magazeti ya zamani bure, kwa jina la Chronicling America. New York Clipper liko kwenye hifadhi ya Chuo Kikuu cha Illinois, na Brooklyn Daily Eagle limewekwa na maktaba ya Brooklyn. Sporting Life la Philadelphia lilianza 1883 na The Sporting News la St. Louis 1886, haya mawili yanafaa sana kwa miaka ya mwisho ya karne ile. Ila usiandike maneno ya leo. Mchezo uliandikwa “base ball”, maneno mawili. Timu iliitwa “nine”, sare mara nyingi “suits”, soksi “hose”. Na kwa kuwa kurasa zimesomwa na mashine, wino uliofifia huigeuza “flannel” ikawa “fiannel”, kwa hiyo jaribu na makosa. Anza na Machi na Aprili, msimu ukikaribia, kwa sababu ndipo mafundi walipokuwa wanakabidhi kazi na magazeti yakiisifu. Soma ukurasa mzima, usiishie kwenye mstari uliopigwa rangi na mashine. Mara mbili nimepata maelezo ya sare katikati ya habari ya mvua.

Kuna mwaka mmoja ambao utakuchanganya usipoujua, 1882. Ligi ya Taifa iliamua soksi tu ndizo zitambulishe klabu: Boston nyekundu, Chicago nyeupe, Detroit dhahabu iliyozeeka, Troy kijani, Buffalo kijivu, Cleveland bluu iliyokolea, Providence bluu ya mpauko, Worcester kahawia. Mashati na kofia zikagawanywa kwa nafasi ya mchezaji uwanjani. Mrushaji wa timu hii na mrushaji wa timu ile wote walivaa bluu ya mpauko, wadakaji wote nyekundu. Watazamaji walicheka, wachezaji walichukia, na msimu haujafika mbali mpango ukaachwa. Sasa fikiria picha ya timu moja ya mwaka ule: mrushaji kama kavaa nyeupe, mdakaji kama kavaa nyeusi, na ukilinganisha picha za timu mbili, soksi za Chicago na za Providence zinafanana kabisa. Bila gazeti ungesema hii si timu moja, ni watu waliookotwa njiani.

Picha basi ina kazi gani? Ina kazi kubwa, hasa kwa anayejua kushona. Gazeti halijawahi kuniambia kola ilikatwaje. Picha inaniambia. Naikuza hadi nione matundu ya vifungo, naangalia mikunjo ya kiwiko: flaneli ya sufu hujikunja kwa mikunjo minene ya mviringo, pamba hujikunja kwa ncha kali. Ngao kifuani hunipeleka miaka ya 1860 na 1870. Kifua cha kufunga kwa kamba, kama kiatu, hunipeleka zaidi miaka ya 1880. Suruali iliyotiwa pamba na kudariziwa mistari mapajani, ili mtu asichubuke akiteleza, nayo ni ya miaka hiyo ya 1880. Kola ikikosekana, huenda uko baada ya 1906, mwaka ambao timu ya New York Giants ya meneja John McGraw ilivaa mashati yasiyo na kola.

Kabla ya kuangalia nguo, geuza picha. Stempu ya kodi nyuma ya kadi ambayo picha imebandikwa maana yake ni kati ya Septemba 1864 na Agosti 1866, kodi ile haikudumu zaidi ya hapo. Pembe za kadi zilizonyooka ni dalili ya miaka ya 1860, za mviringo ni za baadaye. Ikiwa picha ni ya bati, yaani imepigwa moja kwa moja juu ya kipande cha bati, kumbuka kwamba imegeuzwa kama kioo. Herufi zitakuwa kinyume, na shati la mwanamume litaonekana limefungwa kike. Mteja mmoja aliwahi kuniomba nimshonee kifungo upande wa kushoto kwa sababu “picha inaonyesha hivyo”. Nikamwonyesha herufi ya mkanda iliyosimama kinyume, tukakubaliana.

Na tafadhali, hakikisha hao ni wachezaji kweli. Vikosi vya zimamoto vya kujitolea vilivaa mashati ya ngao yale yale, tena vijana wengi walikuwa katika yote mawili. Wauzaji wa vitu vya kale huandika “besiboli” kwa sababu inalipa. Mimi natafuta mpira au fimbo kwenye picha, au jina la klabu kwenye mkanda. Bila kimojawapo sinunui wala sishoni.

Kadi za sigara, zile picha ndogo za wachezaji zilizotiwa ndani ya pakiti za sigara, ni tamu kuziangalia, lakini ziendee kwa uangalifu. Kadi za Old Judge, zilizotolewa na kampuni ya Goodwin kuanzia 1886, ni picha halisi za studio, na ukikuza utaona mpira unaning'inia kwa uzi. Zinafaa sana kwa mshono. Wachezaji wa New York Metropolitans wamevaa tai za madoadoa ambazo ningezikopi kesho. Lakini mchezaji akihama, kampuni iliweza kubadilisha jina la timu chini na kuiacha picha ile ile na sare ya zamani. Kadi zilizochorwa kwa rangi mimi nazitumia kama dalili tu, sizichukui kama ushahidi.

Kazi niliyo nayo sasa nimejipa mwenyewe. Moses Fleetwood Walker, Mweusi aliyezaliwa Ohio hii mwaka 1856, alikuwa mdakaji wa Toledo Blue Stockings mwaka 1884, katika ligi kuu, miongo mingi kabla mlango huo haujafunguliwa tena kwa Weusi. Nataka kushona shati lake na soksi zake. Jina la timu limeshataja bluu, lakini bluu ipi, na shati je? Nasoma Cleveland Gazette, gazeti la Weusi lililoanzishwa 1883, kisha magazeti ya kila mji Toledo walikokwenda kucheza. Nilianza na Louisville, kwenye mechi yake ya kwanza tarehe 1 Mei 1884. Sasa nimefika Juni.