Jibu: Futari ya yatima Ujiji, hizo picha usipige

Usipige hizo picha. Umesema unataka kufuturisha yatima pale Ujiji, uwapange na vifurushi vyao, uwapige picha uzirushe kwenye grupu la msikiti "ili wengine wahamasike", ukaulizia na bajeti na siku inayofaa. Bajeti iache kwanza. Picha ndizo zitakazoila sadaka yote.

Waliokufundisha hilo wapo kila mtaa wa Kigoma, Gungu hadi Kibirizi, na wananiuma sana. Wanakusomea nusu ya aya ya 271 ya Al-Baqara: mkizidhihirisha sadaka ni vizuri. Wanakomea hapo! Aya inaendelea: mkizificha mkawapa mafukara, hiyo ni kheri zaidi kwenu. Rudi aya 7 nyuma, ya 264, inakataza kuharibu sadaka kwa masimango na maudhi, na inamtaja anayetoa ili watu wamwone. Sasa mtoto wa darasa la 5, picha yake kashika sukari ya msaada inazunguka kwenye simu za wazazi wa wenzake, hayo si maudhi? Wewe utaifuta kwako. Shuleni kwake hawafuti.

Na ipo hadithi ya Abu Huraira katika Sahihi Muslim: mmoja wa watatu wa mwanzo kuhukumiwa ni tajiri aliyekuwa akitoa. Anaambiwa ulitoa ili uitwe mkarimu, na umeshaitwa. Isome kabla hujaenda kununua tende.

Shika hili moja: kabla ya sadaka ya hadharani, itangulie moja asiyoijua mtu, mkeo akiwemo. Nenda duka la mtaa usiokaa, usikozoeleka. Usiombe kusoma daftari la madeni, majina ya watu si yako. Mwambie mwenye duka achague deni la mjane au mzee, akutajie kiasi tu, ulipe taslimu, alikate mbele yako. Usitume kwa simu, ujumbe wa muamala unabeba jina lako. Kisha usirudi kuuliza "alisemaje?" Wengi wanaharibikiwa hapo, au baadaye wanapoitoa siri wenyewe kwa kisingizio cha kunasihi. Ukisikia jina la mwenzio linatajwa kwa sadaka yake baada ya Ijumaa na kifua kikakubana, bado hujawa tayari kutoa hadharani. Tafuta duka jingine.

Ila usije ukaacha kufuturisha kwa kuogopa riya, yaani kutenda ili watu wakuone. Fudhail bin Iyadh, mcha Mungu wa zamani, alishasema kuacha amali kwa ajili ya watu nako ni riya. Pika, pakua, kaa chini ule nao. Wazo la kuonekana likikujia katikati, lisukume uendelee kupakua.

Kama kuna waliokuchangia na wanadai ushahidi, wapigie picha risiti na magunia. Nyuso za watoto hapana.